Uvimbe kwenye ini: ndio ule uliomwondoa mjomba wangu?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, fundi cherehani hapa Kihonda, Morogoro. Nakuandikia usiku kwa sababu usingizi sina, wiki ya tatu hii.

Nilianza na maumivu ya chembe ya moyo. Yalikuwa yanakuja na kuondoka tangu mwaka jana, hasa nikichelewa kula. Nikadhani ni vidonda vya tumbo, nikawa nanunua dawa za gesi duka la dawa. Mwezi uliopita yakazidi, nikaenda hospitali. Daktari akasema huenda ni mawe kwenye nyongo, akaniandikia ultrasaundi.

Dada wa ultrasaundi alikuwa mchangamfu, ananiuliza nashona gauni la sendoff kwa bei gani. Mara akanyamaza. Akarudisha kile kifaa palepale, kulia chini ya mbavu, akabonyeza, akaniambia "vuta pumzi, zuia," mara tano sita hivi. Akamwita mwenzake, wakaongea Kiingereza. Mwisho akaniambia nyongo haina mawe, ila kwenye ini kuna uvimbe, nikamwone daktari. Habari ya gauni hakuiuliza tena.

Daktari aliniona dakika mbili, foleni ilikuwa imefika nje. Akasoma karatasi, akasema, "Hii si ya kuogopa, rudi baada ya miezi sita tuangalie tena," akaita mgonjwa mwingine. Nikatoka na maswali yangu yote mdomoni.

Karatasi yenyewe ni ya Kiingereza. Binti yangu wa kidato cha pili alinitafsiria neno kwa neno kwa simu. Imeandikwa kwamba ini lina ukubwa wa kawaida na kingo zake ni laini, ila upande wa kulia kuna leshoni moja haipaekoiki, yenye mipaka inayoonekana vizuri, sentimita 3.4 kwa 2.9. Simu ikasema leshoni ni kidonda. Sasa mimi nina kidonda ndani ya ini? Chini kabisa wameandika huenda ni hemanjioma. Tulipolitafuta neno hilo zikaja picha za watoto wachanga wenye madoa mekundu usoni. Tukafunga simu.

Ninachoogopa hasa ni mjomba. Alikuwa mdogo wake mama, mfanyabiashara wa mahindi Kibaigwa. Mwaka 2014 alianza kulalamika ubavu wa kulia, akakonda, macho yakawa manjano, tumbo likajaa maji. Walisema ni saratani ya ini. Tangu alipolazwa mara ya kwanza mpaka tunamzika haikufika miezi mitatu. Alikuwa na miaka 43 na pombe hakuwa anagusa.

Tangu nitoke hospitali kila mtu ana lake. Mume wangu anasema nikapasuliwe kitolewe, yaishe. Jirani yetu, muuguzi mstaafu, anasema ni lazima wachukue kinyama kwa sindano, bila hivyo wanabahatisha. Shemeji ameniletea mzee mwenye dawa ya kusafisha ini, dumu la lita tano, shilingi 150,000, anasema uvimbe utatoka na choo. Dada yangu anasema haya yote ni vidonge vya majira, maana nimevimeza miaka tisa. Na mimi na mume wangu tulikuwa tunapanga mtoto wa tatu mwakani.

Nisije nikasahau: mgongo unaniuma sana kwa ajili ya cherehani, kwa hiyo msimu wa harusi nameza diklofenaki karibu kila siku. Sijui kama inahusika.

Mama sijamwambia. Ana presha, na tangu mdogo wake afariki, ukitaja ini tu machozi yanamtoka.

Nifanye nini, Daktari?

Fundi wa Kihonda

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kukesha.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama mahali pamoja: pale ulipomtaja mjomba. Nitafika hapo. Kwanza tuitafsiri upya hiyo karatasi, maana mmeogopeshwa na kamusi.

Leshoni si kidonda. Ni neno la watu wa picha, maana yake "hapa naona kitu kisichofanana na jirani zake." Linaweza kuwa kovu, kifuko cha maji, kinundu cha mafuta, jipu au saratani, neno lenyewe halichagui. Haipaekoiki nayo maana yake ni kwamba sauti ya kile kifaa inapogonga sehemu hiyo inarudi kwa nguvu zaidi, kwa hiyo kwenye kioo panaonekana peupe kuliko ini linalopazunguka. Dada wa ultrasaundi alinyamaza kwa sababu aliona doa jeupe, la mviringo, lililochorwa vizuri, akataka kulipima bila kukosea. Nadhani alifanya kazi yake vizuri, ingawa angeweza kukuambia neno moja la kukutuliza kabla hujashuka kitandani.

Doa la namna hiyo, kwa mwanamke wa umri wako mwenye ini laini, mara nyingi huwa ndilo hilo waliloandika: hemanjioma. Ni fundo la vimishipa vya damu vilivyosukana mahali pamoja, kama sponji iliyolowa, damu ikipita humo taratibu. Ndani mna kuta nyembamba nyingi sana, na kila ukuta unarudisha sauti, ndiyo sababu ya weupe. Wale watoto wa kwenye simu wana kitu kingine cha ngozi chenye jina hilohilo. Wasahau.

Katika vimbe za ini ambazo si saratani, hemanjioma ndiyo inayoonekana zaidi kuliko zote. Baadhi ya tafiti za kuchunguza maiti zimeikuta kwa watu hadi 20 katika kila 100, watu waliokufa kwa mambo mengine kabisa na maisha yao yote hawakujua wanayo. Wanawake wanaongoza. Haigeuki kuwa saratani. Mwongozo wa mwaka 2016 wa chama cha Ulaya cha wataalamu wa ini unasema hemanjioma yenye sura yake ya kawaida haihitaji hata kufuatiliwa kwa picha. Mgonjwa anaambiwa aende akaendelee na maisha.

Kwa hiyo yule mwenzangu wa dakika mbili huenda hata hakukosea. Ila kuna swali moja hakukuuliza, na bila swali hilo maneno "si ya kuogopa" hayana pa kusimama.

Swali ni hili: umewahi kupimwa homa ya ini B?

Angalia alivyokufa mjomba wako. Hana pombe, miaka 43, miezi mitatu tu. Huku kwetu saratani ya ini inayomchukua mtu katika umri huo na kwa kasi hiyo, kitu cha kwanza tunachokishuku ni virusi vya homa ya ini B alivyoishi navyo tangu utotoni bila kujua. Na mara nyingi mtoto huvipata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa, au kwa ndugu zake akiwa bado mdogo. Mjomba na mama yako ni tumbo moja, wamelala mkeka mmoja. Kama yeye alivipata nyumbani, mama yako naye angeweza kuvipata, na kama mama anavyo, wewe ulizaliwa kabla nchi yetu haijaanza kuwapa watoto chanjo ya homa ya ini B mwaka 2002. Sisemi kwamba unavyo. Nasema hakuna aliyeangalia.

Umesema pia alikuwa mtu wa mahindi. Mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu zinaota ukungu unaotoa sumukuvu, ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Ikiingia kidogokidogo kwa miaka mingi haiui papo hapo, inalichokonoa ini. Na ikimkuta mtu mwenye homa ya ini B, hatari ya saratani inapanda mno kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Pengine ndiyo hadithi ya mjomba, pengine siyo. Unga wenu wa nyumbani, lakini, uangalieni: punje iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe, usimpe hata kuku.

Kwa nini nakazania kipimo hiki kabla ya kuzungumzia uvimbe? Kwa sababu doa jeupe halisomwi peke yake, linasomwa pamoja na ini linalolibeba. Doa la sentimita 3.4 kwenye ini lisilo na ugonjwa, uwezekano mkubwa ni hemanjioma. Doa hilohilo kwenye ini lenye virusi vya B linabaki kuwa mshukiwa wa saratani mpaka picha ithibitishe vinginevyo, maana saratani changa ya ini nayo inaweza kuonekana nyeupe kwenye ultrasaundi. Na usijitulize kwa kuwa kingo za ini lako ni laini. Wengi wanajua kwamba saratani ya ini hutanguliwa na sirosisi, yaani ini kujaa makovu na kuwa gumu. Virusi vya B vina tabia mbaya ya kuruka hatua hiyo.

Basi kesho, si wiki ijayo, nenda kituo cha afya ukapime. Ni tone la damu, majibu unayapata ukiwa bado umekaa kwenye benchi. Ukikutwa huna, omba chanjo: sindano tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu baada ya miezi sita tangu ya kwanza. Ukikutwa navyo, usilie pale kwenye benchi. Kuna vipimo vya kuonyesha virusi ni vingi kiasi gani na ini limeumia kiasi gani, kuna vidonge vya kuvituliza kwa wanaovihitaji, na watoto wako wote wawili utawapeleka wapimwe hata kama kadi zao za kliniki zimejaa chanjo, kwa kuwa walipozaliwa chanjo ile ilikuwa ikianza mtoto akiwa na wiki sita, na mama anaweza kumwambukiza siku ya kuzaliwa.

Wakitaka kukupima na alfa-fetoprotini, ile protini ya damu inayopanda kwa baadhi ya wenye saratani ya ini, wakupime, ila usiilalie wala usiikeshee. Ikiwa ya kawaida haimaanishi saratani haipo, na ikipanda kidogo haimaanishi ipo. Hata mimba huipandisha.

Sasa uvimbe. Kama doa lako lingekuwa chini ya sentimita 3, lenye sura yote ya hemanjioma, kwa mtu ambaye ini lake tunajua ni zima, ultrasaundi ingetosha na barua hii ningeimaliza hapa. Lako limevuka kidogo, ini lako hatujalijua, na umemeza vidonge miaka tisa. Mambo matatu hayo yakikaa pamoja, kungoja miezi sita ukiwa gizani sikukubaliani nako. Unahitaji picha moja ya maana: CT yenye kontrasti, au MRI.

Hospitali nyingi za rufaa za mikoa siku hizi zina CT. MRI bado ni chache, ukiihitaji huenda ukapewa rufaa ya kwenda Muhimbili au hospitali ya kanda. CT inatosha kwa kuanzia, lakini si CT ya namna yoyote, na hapa nakuomba uwe king'ang'anizi. CT isiyo na kontrasti, ile dawa inayochomwa mshipani, itakuonyesha doa lilelile na swali lilelile, na hela umetoa. Omba iandikwe wazi kwenye fomu: CT ya ini, yenye kontrasti, kwa awamu. Maana yake wanakupiga picha mara kadhaa dawa ikiwa inapita: mara inapoingia kwa mishipa inayotoka kwenye moyo, sekunde kama 30 hivi, tena ikishafika kwa mshipa mkubwa unaotoka kwenye utumbo, kama sekunde 70, na tena baada ya dakika kadhaa. Kabla ya hapo watapima figo zako, na utawaambia kama una mzio au kama siku zako zimechelewa.

Siri yote iko kwenye jinsi dawa inavyoingia. Wewe ni fundi, utanielewa. Chovya pindo la kanga kwenye beseni la maji halafu uangalie: maji hayaruki mpaka katikati, yanapanda taratibu kutoka ukingoni. Hemanjioma inafanya hivyo. Mwanzoni inang'aa pembeni tu, vipande vipande, kisha mwanga unasogea ndani polepole mpaka unajaa, na dakika kadhaa baadaye bado inang'aa. Msomaji picha mzoefu akiona hivyo hana haja ya kukisia.

Uvimbe wa pili kwa wingi ni ule wanaouita FNH, kwa kirefu fokali nodula haipaplazia. Jina zito, kitu chenyewe chepesi: ni seli za ini zilezile za kawaida zilizojipanga upya kuzunguka mshipa uliokaa vibaya. Wenyewe unawaka wote kwa mpigo dawa inapoingia, halafu unafifia na kufanana na ini, na mara nyingi katikati una kovu kama nyota. Nao haugeuki saratani. Saratani yenyewe ya ini mara nyingi huwaka mapema kisha hufuka dawa ikatoka, ikabaki nyeusi kuliko jirani zake. Kuwaka na kufuka: hicho ndicho hatutaki kukiona.

Wa tatu ni adenoma, na hapo dada yako ana hoja, japo ameirusha kwa nguvu kuliko inavyostahili. Adenoma ni nadra. Tangu mwaka 1973 madaktari walianza kugundua kwamba inawapata zaidi wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni, hasa kwa miaka mingi. Si saratani, ila ina ubaya wa aina mbili: inaweza kupasuka ikavuja damu tumboni, na chache kati yake zinaweza kugeuka saratani. Hatari zote mbili zinaongezeka ikizidi sentimita 5. Kwa mwanamke, tiba ya kwanza ni kuacha vidonge, kupunguza uzito kama umezidi, kisha kurudia picha baada ya miezi sita, nyingi husinyaa. Ikibaki juu ya sentimita 5 au ikiendelea kukua, hapo ndipo daktari wa upasuaji anaitwa. Kwa mwanaume adenoma hutolewa bila kungoja ifike ukubwa wowote, kwa sababu kwao hugeuka zaidi. Nawaambia hilo wanaume wanaosoma hapa wakidhani ukurasa wa leo ni wa akina mama.

Kwa hiyo vidonge vyako viweke kando kwanza mpaka CT ijibu. Lakini usiviache hivihivi ukashika mimba kabla ya majibu, na wala usikimbilie sindano au kijiti, navyo ni homoni. Tumieni kondomu, au kama itachukua muda, kitanzi cha kopa ambacho hakina homoni kabisa. Ikithibitika ni hemanjioma au FNH, hakuna katazo la kurudi kwenye vidonge, na mtoto wa tatu mnaweza kumtafuta kwa amani. Ikiwa ni adenoma ndogo, mimba bado inawezekana, ila kwa kufuatiliwa na ultrasaundi mara kwa mara. Na kama una virusi vya B, ni lazima wajue kliniki mapema: kuna dawa anayopewa mama mwenye virusi vingi miezi ya mwisho ya mimba, na mtoto anahitaji chanjo ileile siku anapozaliwa.

Nikirudi kwa washauri wako wa nyumbani. Mumeo ana nia njema, lakini ini si mkono wa gauni kwamba utaukata ushone mwingine. Ni nyama iliyojaa damu, na kuipasua ni kazi ya saa nyingi yenye hatari zake. Hemanjioma hatuitoi kwa sababu ipo. Tunafikiria kuitoa inapokuwa kubwa kweli, ya sentimita 10 hivi, na inamtesa mwenye nayo. Jirani yako muuguzi naye, nampa shikamoo zangu, lakini sindano haiwi ya kwanza. Ukichoma sponji ya damu unaweza kuanzisha uvujaji ambao haukuwepo, na mara nyingi picha nzuri inajibu swali lote. Kinyama huchukuliwa pale picha zinapogongana, na uamuzi huo ufanywe na watu wa ini, watu wa picha na mpasuaji wakiwa mezani pamoja.

Mzee wa dumu sitamzungumza sana. Chochote unachokunywa kinapita kwenye ini kabla ya kwenda popote, na mizizi usiyoijua ni mojawapo ya vitu vinavyolichoma. Ukinywa lita tano halafu ukapimwa damu, vipimo vya ini vikipanda hakuna atakayejua ni uvimbe, ni virusi au ni dumu. Na uvimbe ulio ndani ya nyama ya ini hauna njia ya kutoka na choo. Hiyo 150,000 iwekee CT.

Umebaki na chembe ya moyo, ambayo ndiyo iliyokupeleka hospitali na ambayo, naona, imesahauliwa na kila mtu ukiwemo wewe. Doa la sentimita 3.4 ndani ya ini kwa kawaida haliumi. Ila diklofenaki karibu kila siku, tena kwa mtu anayechelewa kula akimalizia nguo za harusi, inachubua tumbo vizuri sana. Nadhani maumivu yako yanatoka huko, na uvimbe ulikutwa njiani tu, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka akaokota kifungo. Acha diklofenaki. Mwambie daktari umeitumia kiasi gani, upimwe na yule bakteria wa vidonda vya tumbo. Ukianza kupata choo cheusi kama lami, au kutapika damu, usingoje miadi. Vilevile ukipata maumivu makali ya ghafla chini ya mbavu za kulia, pamoja na kizunguzungu na jasho la baridi, hiyo ni dharura, usiku huohuo. Kwa mgongo tafuta kiti chenye egemeo na uinuke kila nusu saa. Najua msimu wa harusi mtu hainuki, lakini jaribu.

Niseme neno dogo kwa wafugaji wanaoniletea karatasi zilizoandikwa "kifuko cha maji kwenye ini," kwa kuwa wataona barua hii na kudhani ni jambo moja. Si jambo moja. Vifuko vingi ni maji tu na havina shida, lakini wanaoishi na mbwa na mifugo, kama ndugu zetu wa Ngorongoro na wale wa Turkana kule Kenya, wanaweza kuwa na kifuko cha minyoo ya mbwa. Hicho ole wake atakayekitoboa ovyo: maji yake yakimwagika tumboni yanaweza kuleta mshtuko wa mzio unaoua, na minyoo ikasambaa. Nitakiandikia siku yake.

Sasa, mama. Najua presha yake, na najua machozi. Lakini naye anahitaji tone lilelile la damu, pamoja na ndugu zako wote mliotoka kwake, na watoto wa marehemu mjomba pia. Usimwambie habari ya uvimbe kwanza, huna jibu la kumpa. Mwambie unakwenda kupima homa ya ini na hutaki kwenda peke yako. Mpitie asubuhi kabla hujafungua banda, mpime wote wawili siku hiyohiyo, na majibu mkiyapata niandikie, hata kabla ya CT. Picha zako, ya ultrasaundi na itakayokuja, zikae kwako kwenye bahasha. Usimwachie mtu.